Salamu za Ojiambo Kutoka Roma

Siku niliyokanyaga Roma naikumbuka kuliko siku niliyooa, mwanangu, na usicheke, bibi yako analijua hilo na alishanisamehe. Nilikaa huko tangu asubuhi hadi jioni tu. Mpaka leo wazee wa hapa Busibwabo wananiita Mroma, na nyinyi vijana mnadhani ni jina la heshima. Si la heshima. Nimesikia unapanda ndege baada ya Pasaka, na nimeona watu wameanza kukuletea vifurushi na maagizo. Basi keti hapo, iweke hiyo simu kando, nikwambie jina hilo nililipataje.

Miaka ile ya sabini nilikuwa karani wa kampuni moja ya kutoa mizigo forodhani pale Malaba. Nilikuwa kijana, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, na kiburi cha kutosha watu watatu. Madereva waliniita bosi hata wale wenye umri wa baba yangu. Kampuni ikanichagua niende Hamburg, Ujerumani, miezi mitatu, nikajifunze mambo ya karatasi za meli. Tiketi ya kurudi ilipitia Roma: ndege ingetua asubuhi, na ile ya Nairobi ingeondoka jioni. Habari hiyo ilipofika hapa kijijini, mama mmoja alikuja kwetu kabla hata umande haujakauka.

Alikuwa Mama Ojiambo. Shamba lake la mihogo lilipakana na letu, na mimi nilikuwa nimekula kwake kuliko kwetu nilipokuwa mdogo. Mwanawe wa kwanza, Ojiambo, alipelekwa Roma na mapadre akasomee kazi ya kupiga chapa vitabu. Aliandika barua miaka miwili, kisha akanyamaza. Miaka minne ilipita, hakuna barua, hakuna salamu. Mama huyo alibaki na mwana mwingine, Wandera, kijana mpole aliyekuwa na mchumba kule Funyula. Lakini kwetu unajua, mdogo hamruki mkubwa. Wandera hangeweza kuoa wala kujenga huku kaka yake hajulikani kama yuko hai au amekufa.

Mzee Okumu, ndugu ya marehemu baba yao, alikuwa na shauri lake. Mtu akipotelea mbali na mwili wake usionekane, wazee wetu walikata shina la mgomba, wakalivisha shuka, wakalizika kama mtu, kwa kilio na kila kitu. Roho ikatulia, na walio hai wakaendelea na maisha. Mzee Okumu alisema wakati umefika. Mama Ojiambo aliomba jambo moja tu, kwamba wangoje mimi niende nirudi.

Alinipa bahasha ya barua ya mwisho, yenye anwani ya nyumba aliyokaa Ojiambo, na mkebe wa simsim ya kusaga aliyoikaanga mwenyewe.

"Sitaki maneno mingi," aliniambia. "Enda uangalie na macho yako. Ukikuta ako mzima, mwambie mama yake bado anapumua. Ukikuta alikufa, niletee udongo wa kaburi, hata kiganja kimoja. Na ukikosa mtu wa kukujibu, uniambie hivyo hivyo. Nitazika mgomba."

Umesikia, mwanangu? Alikuwa ameniandalia njia tatu, na hakuna hata moja iliyonitaka niseme uongo. Nikapokea mkebe, nikaapa.

Nikamaliza miezi yangu Hamburg. Mkebe ulikaa sandukuni, sikuugusa. Nikafika Roma asubuhi moja ya jua, peke yangu, begi moja begani. Nakwambia kweli, nia nilikuwa nayo. Pale kituoni, basi la uwanja wa ndege liliponishusha, nilimwonyesha askari ile bahasha. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alinichorea kwenye karatasi: panda tramu hii, shuka hapa, tembea dakika kumi. Safari nzima haikuzidi nusu saa. Nikaikunja ile karatasi nikaitia mfukoni, nikasema, mapema bado, kwanza nione kanisa la Petro Mtakatifu, mimi Mkatoliki nitarudije nyumbani bila kuliona?

Likawa hilo tu. Nililiona kanisa, nikapiga magoti, nikainua macho kwenye ule mviringo wa juu mpaka shingo ikauma. Kisha nikasema, kwa kuwa niko hapa, nione na ule uwanja wa kale ambako watu walipambana na simba. Kisha nikasikia kuna chemchemi ya mawe ambako wageni hutupa sarafu. Tembea uone, si ndivyo tunavyosema? Nilitembea. Ningepiga hatua mbili, nikaona jambo jingine la kwenda kuwasimulia wenzangu Malaba. Nilikuwa nikisimulia kichwani kabla sijamaliza kuona. Nilijiona tayari nimekaa hotelini kwa chai, madereva wamenizunguka, na mimi nasema, nilipokuwa Roma.

Saa saba njaa ilinibana. Chakula cha pale kilikuwa ghali na mimi nilikuwa nimetamani kununua aiskrimu ile niliyoiona watoto wakiilamba. Nikakaa kwenye ngazi za kanisa fulani, nikafungua begi, nikafungua mkebe. Nilijiambia nitaonja kidogo tu. Mwanangu, baada ya miezi mitatu ya viazi vya Ujerumani, simsim ya Mama Ojiambo ilinipeleka nyumbani moja kwa moja. Nilikula kwa kidole mpaka nikakwangua chini. Nikauacha mkebe palepale kwenye ngazi, nikaenda kununua aiskrimu.

Baada ya hapo ndipo ikawa ngumu kwenda. Nitamfikiaje mtu mikono mitupu baada ya kula zawadi ya mama yake? Ujinga wa ujana huo. Kama angekuwa hai, angecheka tu. Nilizunguka mpaka saa kumi nikijipa sababu, na mwisho nikasema muda umekwisha. Haukuwa umekwisha. Ndege ilikuwa ya saa mbili. Nikaenda kwenye ile chemchemi, nikamkuta mpiga picha wa barabarani mwenye kamera ya kutoa picha papo hapo, nikasimama, nikaweka mkono kiunoni, nikacheka. Hiyo picha ndiyo ikawa kitu changu cha pekee kutoka Roma.

Sasa nikueleze jambo la kazi yetu, ili unielewe, ingawa sikuombi unionee huruma. Pale Malaba tulikuwa na mazoea. Lori likifika na karatasi safi, hufungui turubai. Kufungua ni shughuli: kamba, vumbi, dereva ananung'unika, foleni inarefuka. Unasoma karatasi, unalizunguka lori mara moja, unaandika "Imekaguliwa, iko sawa," unatia sahihi. Nilikuwa nimeandika hivyo mara nyingi kiasi kwamba mkono ulikuwa unaandika wenyewe huku mdomo ukiongea habari za mpira. Na mara nyingi kweli mzigo ulikuwa uleule. Nilizoea kusema nimeona kitu nilichokisoma tu.

Nilipofika nyumbani, ua ulikuwa umejaa watu. Kulikuwa na kuku, ugali wa mtama na muhogo, na maswali kuhusu ndege. Mama Ojiambo hakula. Alikaa kwenye mkeka, Wandera kando yake, akingoja wengine wamalize udadisi wao. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Makokha, ulimwona?"

Nilitazama nyuso zote zile. Ningesema, "Mama, sikwenda." Maneno mawili, basi. Lakini nilikuwa nimeshasimulia kanisa, uwanja wa simba, chemchemi na aiskrimu. Ningesemaje kwamba kwa hayo yote nilipata muda, ila kwa mwanawe nilikosa?

"Nilimwona, mama," nikasema. "Ako mzima. Amenenepa kidogo."

Alifunika uso kwa leso. Wanawake wakapiga vigelegele. Na ulimi hauna mfupa, mwanangu, ukishaanza kuteleza haukomi. Nikasema anasalimia. Nikasema kazi ni nyingi ndiyo maana haandiki. Akauliza kama alipokea simsim, nikasema aliipokea akaila palepale kwa kidole. Hapo nilikuwa nasema kweli ya mtu mwingine. Kisha picha ikazunguka mkono kwa mkono mpaka ikamfikia.

"Na hii, nani alikupiga?"

"Ni Ojiambo, mama."

Hakutazama uso wangu kwenye picha wala ile chemchemi. Aliweka kidole chini kabisa, kwenye ukingo mweupe, mahali ambapo hakuna kitu.

"Kwa hivyo yeye alikuwa amesimama hapa."

"Ndiyo, mama."

"Ndio maana unacheka hivi. Ojiambo alikuwa anachekesha watu sana."

Aliniomba picha ile, nikampa. Aliibandika ukutani karibu na kitanda chake. Wageni wakija, angewaonyesha ule ukingo mtupu na kuwaambia mwanawe alisimama pale. Mimi nilikuwa nikiingia kwake na kukuta anaitazama, na nilikuwa nakunywa chai yake.

Mzee Okumu aliuacha mgomba shambani. Alimwambia Wandera avute subira, kaka yake atarudi. Mama Ojiambo akaanza kukandika upya isimba ya Ojiambo, kile kibanda chake cha ujana, kila baada ya mvua. Wazazi wa yule msichana wa Funyula walingoja msimu mmoja, wakangoja wa pili, kisha wakamwoza kwa mvuvi wa Budalang'i. Wandera alinisalimia tu kama kawaida, "Mulembe, Makokha," akaenda zake na jembe. Ningeweza kusema kweli siku yoyote katika siku zile. Kila asubuhi nilipanda gari la Malaba nikajiambia nikirudi nitasema.

Baada ya mwaka na kitu, katekista alileta barua. Ilikuwa ya Kiingereza, na Mama Ojiambo hakumpelekea mtu mwingine yeyote. Alikuja kwangu mimi, niliyeijua Roma. Alikuja na Wandera, akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Imetoka kwa Ojiambo," alisema. "Nisomee polepole."

Ilikuwa ya padre mmoja wa kule. Aliandika kwamba Ojiambo aliugua kifua na akafa, akazikwa kwenye makaburi ya mtaa ule. Akaitaja tarehe. Mwanangu, tarehe hiyo ilitangulia safari yangu kwa mwaka mzima na zaidi. Niliyemwona amenenepa alikuwa tayari amelala chini siku nyingi. Padre akaendelea kusema kwamba mama mwenye nyumba hakujua aandikie nani, hivyo aliweka sanduku la marehemu chini ya ngazi yake, akingoja mtu wa kwao apite aulizie. Hakupita mtu. Sasa yule mama alikuwa amehama mji, na sanduku ameliacha kwa padre, aliyelifungua akakuta anwani ya parokia yetu.

Niliwasomea kifo. Nilisoma sanduku. Tarehe nikairuka.

Unaona mtu nilivyokuwa? Hata hapo, mama analia mbele yangu, mimi nilikuwa nahesabu kama ninaweza kupona. Nilikuwa nataka waamini alikufa baada yangu. Wandera alikuwa amesoma mpaka darasa la saba. Alinyoosha mkono, akaichukua ile barua taratibu, akapitisha kidole kwenye mistari mpaka akafika. Akaisoma tarehe kwa sauti. Kisha akaisoma tena.

Mama Ojiambo akaacha kulia. Hilo ndilo lililoniogopesha.

"Ile picha," alisema, "nani alikupiga?"

"Mtu wa barabarani, mama."

"Na simsim?"

"Niliikula mimi."

"Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu, mama."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilokuwa akilitafuta. "Mtoto wangu alikuwa amekufa mara moja," alisema. "Wewe umenifanya nifiwe mara mbili. Na ile ya kwanza hukuniacha hata nilie." Akainuka, Wandera akamshika mkono, wakaondoka. Nilibaki na bahasha.

Jioni hiyohiyo Mzee Okumu aliniita. Nilitegemea fimbo, na ningeipokea kwa shukrani. Hakunipiga. Alinikalisha kwenye kiti, mimi kijana, yeye akabaki amesimama kwa mkongojo wake.

"Makokha, sisi hatukukutuma ukamrudishe," alisema. "Hatukusema umtafutie dawa, wala umlipie ndege. Tulisema uende uangalie. Hata mbwa tukimtuma kuangalia kitu kwenye kichaka, anarudi na habari ya kweli. Kama kuna nyoka, anabweka. Kama hakuna, ananyamaza."

Nikamwambia nimekosa, baba. Akasema anajua nimekosa, hakuniita ili nimwambie anachokijua.

"Nimekuita ujue kitu kimoja," akasema. "Mama yule aliomba macho yako kwa sababu yake hayafiki. Wewe ukampelekea mdomo."

Siku ya kuzika mgomba nilifika alfajiri. Shina lilikuwa limekatwa, limevikwa shuka jeupe. Udongo wa kaburi la Roma haukuwepo, na hakuna mtu wa Busibwabo aliyekanyaga huko tena. Nilishika jembe nichimbe pamoja na vijana wenzangu. Wandera akalichukua mkononi mwangu bila nguvu yoyote, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Wewe pumzika," akaniambia. "Wewe ulimwona ako mzima. Utazikaje mtu mzima?"

Vijana wakainama, hawakucheka. Nilisimama kando mpaka wakafunika, na kuanzia siku hiyo wakaniita Mroma.

Mama Ojiambo aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hakunilaani. Hakunikatalia mlango, wala maji, wala chai. Lakini tangu siku ile hakuamini hata neno moja nililolitamka, hata la bure. Ningeingia kwake na kusema, "Mama, mvua inakuja kutoka upande wa Uganda, anua mihogo yako." Angenijibu, "Asante, Makokha." Kisha angegeukia yeyote aliyekuwa karibu na kumwambia, "Hebu toka nje uangalie kama kuna mvua." Nami nilikuwa nimeketi hapo, matone yako kwenye mabega yangu. Alifanya hivyo mpaka alipokufa, na nilipokwenda kumwona hospitalini nikamwambia atapona, alimtazama muuguzi.

Haya, mwanangu. Sikukatazi kutembea. Ukifika huko, ona majumba yao, piga picha, kula vitamu vyao, ujana ni wako. Lakini mtu akikupa agizo, lianze hilo kabla hujafungua macho kwa mengine, kwa sababu mchana wa ugenini ni mfupi, na kila kitu kizuri kitakwambia anza na mimi. Kama huliwezi, likatae hapa hapa nyumbani, mbele ya aliyekutuma. Atakasirika siku mbili. Na kama ulilibeba halafu ukalishindwa, rudi useme sikwenda. Utaonekana mpumbavu, utaaibika mbele ya watu, na itapita. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyo anaweza kubeba habari mbaya, nimemwona akiibeba. Asichoweza kukibeba ni habari njema ya uongo. Usiseme umeona kama hukuona, hata kwa huruma, hata kwa aibu, hata kama wote wanangoja wapige vigelegele.

Vifurushi vyenyewe ni vingapi? Vinne. Nendeni na bibi yako mkavipange upya, na kile ambacho huna hakika nacho, kirudishe leo kwa mwenyewe kabla jua halijazama.

Sogea basi nikupulizie maji ya baraka kifuani, kama wazee wangu walivyonifanyia na mimi nikaenda kuyachafua. Uende salama, urudi salama. Mguu wako ukufikishe ulikotumwa. Aliyekutuma akikuuliza, uwe na la kumjibu bila kutazama chini. Na ukisema kuna mvua, mwanangu, watu waanue nguo.